Lifti Hukaguliwa kwa Ajili ya Nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inataka lifti ichunguzwe kikamilifu na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6. Uingereza, ambako sheria za namna hii zilizaliwa viwandani kabla ya kuvushwa bahari hadi makoloni, inataka muda huohuo kwa lifti inayobeba watu. Mchunguzi huingia chumba cha mashine, hupima kamba za chuma, hujaribu breki, hutazama kifaa kinachoibana lifti kwenye reli zake ikizidi mwendo, hukagua kufuli la mlango wa kila ghorofa, kisha huandika alichokiona. Karatasi hiyo humfikia mwenye jengo, huwekwa kwenye rejista, na ofisa wa serikali akiitaka huonyeshwa. Mtu ambaye mwili wake utaning'inia juu ya shimo la ghorofa 12 hayumo katika safari ya karatasi hiyo. Pengine ataona cheti ndani ya lifti, chenye tarehe na muhuri. Cheti humwambia tu kwamba ukaguzi ulifanyika; hakisemi mkaguzi alikuta nini, aliagiza nini, wala kama alichoagiza kilitekelezwa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la makabati ya ofisini, lisilostahili kuwachosha wanafalsafa. Lakini ndani yake mna swali zito la maadili: hatari ikiwa ya mmoja na ujuzi wa hatari hiyo ukiwa wa mwingine, ujuzi huo ni mali ya nani? Hoja yangu ni kwamba ni wa anayebeba hatari kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Kumfungia asiuone si siri ya kibiashara tu. Ni kumnyang'anya nafasi yake katika mpango wa kale wa haki, ambao dini zetu ziliuweka karne nyingi kabla nyuzi za chuma hazijasokotwa kuwa kamba.

Historia kidogo inasaidia, maana lifti ya abiria ilianza maisha yake hadharani. Vyombo vya kuinulia mizigo vilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni watu kukubali kupanda. Mwaka 1854, kwenye maonyesho makubwa ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya halaiki, akaamuru kamba iliyolishikilia ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanaswa na kifaa alichokibuni. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ilianza kazi kwenye duka moja la Broadway, jijini humohumo. Watu hawakuombwa waamini, walionyeshwa. Tangu hapo kila kinachostahili kuonyeshwa kimehamia nyuma ya mlango wenye kufuli, na sababu yake ni nzuri, kwa kuwa chumba cha mashine si mahali pa kuzurura. Ila matokeo yake ni kwamba abiria wa leo, kwa upande wa ujuzi, amerudi nyuma ya mtazamaji wa 1854. Zipo dalili chache anazoweza kuziona, kama lifti kusimama juu kidogo ya usawa wa sakafu, lakini breki iliyolika au kufuli la mlango lililolegea havina la kumwambia.

Ajali inapotokea kwetu, kauli ya kwanza kusikika mara nyingi humtaja Mungu: ni kudra, siku zao zilifika. Siidharau kauli hiyo. Kwa mfiwa ni faraja ya kweli, na hakuna mwenye haki ya kumpokonya. Tatizo huanza inapotoka kinywani mwa mwenye jengo, kwa sababu maandiko yenyewe hayampi ruhusa ya kuitumia. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, kinazungumzia fahali aliyemuua mtu kwa pembe. Kama fahali hakuwa na mazoea hayo, hupigwa mawe yeye, na mwenyewe huachwa bila hatia. Kama alikuwa na mazoea, mwenyewe akaonywa na bado hakumfunga, hukumu inamgeukia yeye mwenyewe, hukumu ya kifo. Pembe ni zilezile na maiti haina tofauti. Kilichotenganisha msiba na jinai ni swali moja tu: je, alijua? Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, linakwenda mbele zaidi na kumtaka anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka paa, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Hapo hata onyo halisubiriwi.

Mafakihi wa Kiislamu walilichimba suala hili kwa undani wa kushangaza. Katika madhehebu ya Hanafi, na baadaye katika Majalla, kanuni ya sheria za madai iliyokusanywa na dola la Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, ukuta uliojengwa wima kisha ukainama na kumwangukia mtu haumtii mwenyewe hatiani papo hapo. Hulipa fidia ikiwa alitangulia kuonywa, akapata muda wa kutosha kuubomoa au kuutengeneza, naye akakaa tu. Kisha mafakihi wanauliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini: nani ana haki ya kutoa onyo hilo? Ukuta ukiinamia nyumba ya jirani, ni anayekaa humo. Ukiinamia njia ya wote, ni yeyote mwenye haki ya kupita, mwanamume au mwanamke, Mwislamu au asiye Mwislamu. Haulizwi cheo wala taaluma. Kupita kwake kunatosha, kwa kuwa kichwa kilicho chini ya matofali ni chake. (Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na madhehebu yanatofautiana katika masuala ya fidia. Ninachokifuata hapa ni mantiki, si fatwa.)

Mantiki hiyo ina sharti moja ambalo lilikuwa dhahiri mno hata halikuhitaji kutajwa: ukuta ulioinama unaonekana. Mpita njia aliweza kuonya kwa sababu aliweza kuona. Lifti imelivunja sharti hilo. Mwinamo wake umo shimoni, kwenye meno ya gurudumu na nyuzi za kamba, na mahali pekee unapojitokeza nje ni kwenye karatasi ya mkaguzi. Kwa mpandaji, basi, karatasi ndiyo mwinamo wenyewe. Kuifungia kabatini ni kutundika pazia mbele ya ukuta unaotaka kuanguka huku watu wakiachwa waendelee kupita. Na mwenye jengo hufaidi mara mbili. Anajua, kwa hiyo aweza kupanga matengenezo kwa wakati unaoufaa mfuko wake. Na hakuna anayejua kwamba anajua, kwa hiyo siku ya msiba aweza kujificha nyuma ya kudra.

Msomaji makini atapinga hapa. Ukianika yanayoandikwa, atasema, utawafanya wenye majengo wasitake kuandikiwa lolote. Watachelewesha ukaguzi au watamtafuta mkaguzi asiyeona vizuri. Kuhusu tabia za watu, pingamizi hili halikukosea. Jibu lake lilikwisha kutolewa mwaka 1877 na Mwingereza W. K. Clifford, katika insha yake juu ya maadili ya kuamini. Anatuchorea mwenye meli ya wahamiaji, meli kuukuu iliyofanyiwa matengenezo mara nyingi. Shaka inamwingia kama chombo ni kizima, naye anaizima kwa kujikumbusha safari zilizopita salama na rehema za Mungu kwa familia maskini zilizomo. Meli inazama baharini, na yeye anapokea fedha za bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile hata kama imani yake ilikuwa ya dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini bila kuchunguza. Na hatia hiyo ingebaki hata kama meli ingefika. Kumbukumbu zilizo wazi huifikia hata hatia ya namna hiyo, maana ukimya nao husomeka. Jengo ambalo ukaguzi wake wa mwisho ni wa miezi 20 iliyopita limekwisha kusema jambo. Kumbukumbu zikifungwa, lifti isiyokaguliwa na lifti iliyokaguliwa vizuri huwa sawa machoni pa mpangaji.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa Onora O'Neill, mwanafalsafa aliyetoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 2002 kuhusu kuaminiana. Anaonya kwamba uwazi peke yake hauzai uaminifu. Taasisi inayolazimishwa kuanika kila kitu hujifunza kujihami: takwimu huongezeka, lugha hulainika, ukweli hupungua. Mkaguzi anayejua kuwa wakili atapekua kila sentensi yake ataacha kuandika kwamba kamba fulani inamtia wasiwasi, ataandika maneno yasiyomfunga. Sehemu kubwa ya hoja hii naikubali, na ndiyo maana sidai kila neno kati ya fundi na meneja litundikwe ukutani. Kinachotakiwa ni kichache na ni kigumu kukwepa: siku ya ukaguzi, nambari ya leseni ya aliyekagua, kasoro alizozikuta, muda alioutoa, na siku kila kasoro ilipoondolewa. Fundi na abaki na daftari lake la kazi.

Lakini zipo imani ambazo hazistahili kulindwa. Annette Baier aliandika mwaka 1986 kwamba kumwamini mtu ni kukubali kukaa mahali anapoweza kukudhuru, na akapendekeza kipimo: uhusiano wa kuaminiana ni mwema ikiwa ungesalimika hata kila upande ukijua ni kitu gani kwa mwenzake unachokitegemea. Tuupime uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba. Kama mpangaji anapanda kila asubuhi akidhani lifti inatunzwa, na mwenye nyumba anaitegemea dhana hiyo ili asiitunze, basi siku ukweli utakapotoka hakutabaki kitu cha kuitwa kuaminiana. Palikuwa na mtu mmoja aliyetumia kutojua kwa mwingine. O'Neill anasema kweli kwamba imani haitengenezwi kwa kubandika karatasi, ila karatasi hiyohiyo yaweza kufichua imani ambayo ilikuwa bandia tangu mwanzo, na hilo nalo ni jambo la maana.

Hofu ya umma ni pingamizi jepesi kuliko linavyosikika. Watu wa kawaida, tunaambiwa, watayasoma vibaya maneno ya kiufundi na kutaharuki. Hapa hatuna haja ya kubahatisha. Idara ya Majengo ya Jiji la New York inamruhusu yeyote mwenye intaneti kutafuta anwani ya jengo na kuona kumbukumbu za ukaguzi wa lifti zake, pamoja na makosa yaliyoandikwa dhidi yake, na wakazi wa jiji lile hawajahamia kwenye ngazi. Taarifa inayotia hofu ni ile isiyomhusu mtu mahali alipo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo ya mwaka 2018 ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya lifti zilifeli ukaguzi wa mamlaka ya usalama kwa kutotimiza masharti yote ya sheria. Huo ni ukweli mzito, na bado haumsaidii anayesimama mbele ya mlango mmoja akisubiri ufunguke. Haumwambii kama lifti yake imo kati ya zilizofeli, wala kama kasoro ni taa iliyoungua au breki isiyoshika. Jimbo zima laweza kujua hali ya lifti zake kwa jumla huku kila mpandaji akibaki gizani kuhusu yake.

Mfano unaonitaabisha ni wa Lisbon. Tarehe 3 Septemba 2025, mojawapo ya magari mawili ya reli ya kamba ya Glória, yanayopanda na kushuka kilima yakivutana, liliporomoka baada ya kamba kuachia, na watu 16 wakafa. Asubuhi ya siku hiyohiyo lilikuwa limekaguliwa kwa macho na hakuna kasoro iliyoonekana. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba kamba iliachia pale ilipofungwa kwenye gari, mahali pasipoonekana bila kufungua vifaa, na kwamba kamba yenyewe haikuwa na uthibitisho wa kutumika kubebea watu. Anayepinga uwazi anaweza kuuliza: lau abiria wale wangeisoma taarifa ya asubuhi, wangesoma nini? Wangesoma kwamba kila kitu ni shwari, na wangepanda.

Pingamizi hilo linauma kwa sababu ni la haki, na sitadai kwamba karatasi iliyo wazi ingewaokoa. Hata hivyo linatufunza kitu kuhusu namna ya kuandika. Kati ya "nimetazama, sikuona kasoro" na "hakuna kasoro" kuna umbali mkubwa, na watu hufa ndani ya umbali huo. Fakihi anapomaliza kutoa hukumu huandika kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wengi huyapita maneno hayo kama mapambo ya mwisho wa ukurasa, lakini maana yake ni kukiri hadharani mahali ujuzi wake unapokoma, ili anayejua zaidi apate pa kuanzia. Taarifa ya lifti inahitaji ukiri huohuo: nimetazama hiki, sikufungua kile, cheti cha kamba sikuonyeshwa. Mpangaji wa kawaida huenda asielewe uzito wa mistari hiyo. Lakini mjini mna wahandisi, waandishi wa habari, mafundi waliostaafu, mawakala wa bima, watu ambao leo hawawezi kuuliza swali kwa kuwa hawaoni palipoachwa wazi. Mstari usemao "sehemu hii haikufunguliwa" ukiwa ndani ya kabati, anayeusoma ni yuleyule aliyeamua isifunguliwe.

Kuhusu mali binafsi sina mengi. Jengo ni la mtu, kweli, na paa la Torati lilikuwa la mtu pia. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 35, haikuishia kwenye taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Inampa raia haki ya taarifa iliyo kwa mtu mwingine pia, ikiwa inahitajika ili kutumia au kulinda haki fulani, na sidhani ipo haki inayotangulia uhai. Sheria ya Kenya ya Kupata Taarifa, ya mwaka 2016, inataka ombi linalogusa uhai au uhuru wa mtu lijibiwe na ofisi ya umma ndani ya saa 48. Tanzania nayo ilipata sheria yake ya haki ya kupata taarifa mwaka huohuo. Msingi, basi, upo. Kasoro ni kwamba sheria za maombi humtaka raia ajue kwanza kwamba kuna kitu cha kuombwa, aandike barua, asubiri, afuatilie, na wakati huo wote anaendelea kupanda na kushuka. Serikali zetu, zinapotaka, zinajua sana kuandika ukutani. Alama ya X inayopakwa kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara haijawahi kusubiri ombi la mtu. Mkono uliopaka rangi ile unaweza kubandika ukurasa mmoja kando ya mlango wa lifti, na kuuweka ukurasa huohuo kwenye tovuti.

Limebaki swali moja lisilojibika kirahisi. Kujua kunamfaa nini asiye na njia nyingine? Mzee wa ghorofa ya 9 mwenye magoti mabovu, au mpangaji anayetumia kiti mwendo, akisoma kwamba kufuli la mlango wa ghorofa yake lilipewa siku 30 na leo ni siku ya 70, atapanda vilevile. Wenye kuipima taarifa kwa uchaguzi unaowezekana watasema hiyo haina thamani kwake, imemwongezea wasiwasi tu. Nadhani wamekosea, na kosa lao ni kudhani kwamba mtu hujua ili aweze kuhama. Mpita njia wa mafakihi hakulazimika kutafuta njia nyingine ndipo onyo lake lihesabiwe. Alipewa neno lenye nguvu juu ya ukuta wa mtu asiyemjua. Mzee huyo akiandika barua yenye tarehe, akitaja kasoro na siku zilizopita, na nakala akamwachia jirani, atakuwa ameibadili hali ya mwenye jengo bila yeye mwenyewe kutoka chumbani. Kuanzia siku hiyo, lolote litakalotokea shimoni, hakuna mahakama itakayohitaji kukisia mwenye jengo alijua lini.